Upitishaji si Wepesi: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Polima Nusukipitishi

1. Utangulizi

Makala haya ni uhakiki wa rasimu ya istilahi iliyotufikia mezani, iliyoandaliwa na walimu kadhaa wa fizikia na kemia kwa ajili ya kijitabu cha mafundi na wanafunzi wa elektroniki. Rasimu inahusu plastiki ambazo, kinyume cha tulivyozoea kufundishwa, hupitisha umeme. Yaani zile zinazotumika leo kutengenezea transista, vyombo vya kutoa mwanga na seli za umeme wa jua. Hatuwataji walioiandaa, kwani nia yetu si kuhakiki watu. Tena itaonekana mbele kwamba mojawapo ya makosa makubwa yaliyomo si lao. Ni la mwandishi wa makala haya.

Rasimu ina sifa zake. Imefafanua kila neno badala ya kuliacha tupu, imetumia mnyororo, matawi na fuwele mahali panapostahili, wala haikuona haya kutumia maneno ya kawaida. Hata hivyo, inayo maneno manne au matano ambayo yakipita yalivyo yatamfundisha msomaji sayansi isiyo ya kweli. Hilo si jambo dogo. Istilahi mbaya ya fasihi huudhi masikio. Istilahi mbaya ya ufundi huharibu kazi ya mikono.

Hoja yetu kuu ni hii: utendaji wa polima hizi hutegemea mno jinsi molekuli zake zilivyoundwa na zilivyopangwa, na hutegemea kwa njia zaidi ya moja. Rasimu imezifunika njia hizo mbalimbali kwa jina moja. Kwa hiyo yafaa tutazame kwanza jambo lenyewe, kisha tuyapime maneno.

2. Jambo lenyewe

Atomi ya kaboni ina elektroni nne za kufungia. Katika plastiki ya kawaida, kama ile ya ndoo au ya ganda la waya, zote nne zimekwisha kushikwa: kila moja imefungwa mahali pake kati ya atomi na jirani yake, wala haiwezi kutembea. Ndiyo maana plastiki hiyo ni kihami. Lakini ipo minyororo ya kaboni ambayo vifungo vyake hupishana: kimoja cha peke, kinachofuata maradufu, kisha cha peke tena, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Katika minyororo hii elektroni tatu za kila kaboni huushika mnyororo, na ile ya nne hubaki juu na chini yake, ikashirikiana na ya jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka zikawa zimetandaa katika sehemu kubwa ya mnyororo.

Mtu angetazamia kwamba mnyororo wa namna hiyo ungepitisha umeme kama shaba. Haufanyi hivyo. Kwa kuwa vifungo havilingani urefu, kile cha maradufu kikiwa kifupi na cha peke kikiwa kirefu, hubaki pengo la nishati ambalo elektroni haina budi kulivuka kabla haijawa huru kusafiri. Katika poliasetilini pengo hilo ni kiasi cha elektronivolti 1.5, katika silikoni ni 1.1. Kwa maneno mengine, polima hii imo katika jamaa ya silikoni, si ya shaba wala ya ganda la waya.

Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walitoa habari kwamba utando wa poliasetilini ukifukizwa kwa mvuke wa iodini upitishaji wake huongezeka mamilioni ya mara. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka 1990 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba polima nyingine ya jamaa hiyo hutoa mwanga wa rangi ya manjano iliyoelekea kijani inapopitishiwa umeme. Tangu hapo swali halikuwa tena kama plastiki yaweza kupitisha umeme. Swali likawa: kwa nini polima mbili zenye atomi zilezile, kwa idadi ileile, hutofautiana utendaji mara mia na zaidi? Jibu limo katika mpangilio. Na hapa ndipo maneno ya rasimu yanapoanza kuyumba.

3. Mnyambuliko au mpishano?

Polima zenye vifungo vya kupishana rasimu imeziita polima za mnyambuliko. Asili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Neno la Kiingereza linalotumiwa na wanakemia ndilo hilohilo linalotumiwa na wanasarufi kwa habari za vitenzi. Aliyetafsiri alifungua kamusi, akakuta maana ya sarufi, akaishika. Sisi tunaoshughulika na lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulikamata kosa hili, kwa sababu mnyambuliko ni neno letu la kila siku: piga, pigia, pigana, pigisha. Katika kunyambua, shina hubaki na viambishi huongezwa. Katika polima hizi hakuna kilichoongezwa kwenye shina lolote. Kilichopo ni zamu ya vifungo.

Kiswahili kina kitenzi kinachosema jambo hili waziwazi, nacho ni kupishana. Walinzi hupishana zamu. Mvua na jua hupishana. Tunapendekeza polima za mpishano, na mpishano wa vifungo kwa hali yenyewe. Faida yake si uzuri wa sauti tu. Mwanafunzi akilisikia anaweza kuuchora mnyororo bila kufundishwa upya. Tena neno hili linazaa: ikiwa mnyororo umepinda hata vifungo vya pete moja havilaliani na vya pete ya pili, tunaweza kusema kwamba mpishano umekatika, na usemi huo ni sahihi kisayansi. Mpishano uliokatika hufupisha eneo ambalo elektroni zimetandaa, na pengo la nishati hupanuka.

Kuhusu pengo hilo, rasimu imeliita pengo la bendi. Hatuna ugomvi na pengo. Kila mtu aliyewahi kung'oka jino anajua maana yake. Lakini bendi kwa Waswahili walio wengi ni kundi la muziki. Pengo la nishati latosha, na linasema kinachopimwa.

4. Uchafuzi au ukolezaji?

Kitendo cha kutia iodini au kitu kingine cha namna hiyo katika polima ili kuongeza idadi ya chaji, rasimu imekiita uchafuzi, na kitu kinachotiwa imekiita kichafuzi. Hili ndilo kosa nililokiri mwanzoni. Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa kusanifisha istilahi, nililitetea neno hili mimi mwenyewe, nikapata kuungwa mkono, na walioandaa rasimu wamelifuata kwa imani njema. Hoja yangu wakati ule ilikuwa kwamba katika fizikia ya silikoni wataalamu huzungumzia atomi ngeni, chache mno, zinazoingizwa katika fuwele safi. Nikasema: kisicho safi ni kichafu.

Baada ya kikao mwalimu mmoja wa ufundi alinifuata uani akaniuliza, "Ndugu, kama ni uchafu, mbona tunauagiza kwa fedha?" Nilicheka, sikujibu. Nimekaa na swali lile kwa muda mrefu, na sasa naona kwamba lilikuwa uhakiki kamili.

Kwanza, uchafu katika lugha yetu ni kitu cha kuondolewa. Hapana anayetia uchafu kwa kipimo. Pili, katika polima hizi uchafu wa kweli upo, na fundi hana budi kuupiga vita: mabaki ya metali ya kichocheo kilichotumika kuunganisha mnyororo, vipande vya minyororo mifupi, unyevu na oksijeni ya hewani. Vitu hivi huteka chaji au kuiharibu polima. Tukikiita kikolezi na mabaki ya kichocheo kwa jina moja, tumempokonya fundi uwezo wa kutenganisha anachotakiwa kutia na anachotakiwa kusafisha. Tatu, iodini haifanyi kazi kwa njia ile ya atomi ngeni katika silikoni. Katika silikoni, fosforasi au boroni huchukua nafasi ya atomi ya silikoni ndani ya fuwele. Katika poliasetilini, iodini haichukui nafasi ya kaboni yoyote. Hukaa kando ya mnyororo, ikavuta elektroni kutoka kwake, na kuacha tundu linaloweza kusafiri.

Pendekezo letu ni kukoleza. Mpishi hukoleza chumvi, mpaka rangi hukoleza rangi, na aliye jikoni huukoleza moto. Katika matumizi yote hayo kitu kidogo hutiwa kwa makusudi na kwa kipimo, ili kilichopo kizidi nguvu. Na kikizidi, huharibu. Hakuna neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe. Kitendo kiwe ukolezaji, kitu kinachotiwa kiwe kikolezi, na polima iliyotiwa iwe polima iliyokolezwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Wanakemia hutumia maneno ya shina hilihili kwa wingi wa kitu katika mmumunyo. Je, hatutawachanganya? Kiswahili chenyewe kimekwisha kutupa njia. Kukolea ni hali. Kukoleza ni kitendo. Wingi wa kitu katika mmumunyo na uitwe ukolevu, kwa kuwa ni hali, na ukolezaji ubaki kwa kitendo hiki cha makusudi. Tofauti ya viambishi viwili yatosha, ilimradi tuishike kila mahali.

5. Upitishaji na wepesi

Sasa tumefika penye kiini cha uhakiki huu. Rasimu inasema: "Mpangilio mzuri wa molekuli huongeza upitishaji wa polima." Chini kidogo inasema: "Uchafuzi huongeza upitishaji wa polima." Msomaji atafahamu kwamba hizi ni njia mbili za kufikia jambo moja, na kwamba yaweza kuchaguliwa yoyote. Hivyo sivyo.

Upitishaji wa kitu hutokana na mambo matatu yanayozidishana: idadi ya chaji zilizo huru kusafiri, ukubwa wa kila chaji, na wepesi wa kila chaji kusafiri inaposukumwa na uga wa umeme. Ukubwa wa chaji haubadiliki. Yanayobaki ni mawili, idadi na wepesi. Ukolezaji hasa huongeza idadi. Mpangilio wa molekuli hasa huongeza wepesi. Ni kama kivuko: watu wengi wanaweza kuvuka kwa siku kwa sababu abiria ni wengi, au kwa sababu chombo kinakwenda mbio. Anayehesabu waliovuka tu hatajua ni lipi.

Tofauti hii si ya vitabuni. Transista ni swichi. Volti inayowekwa kwenye lango lake ndiyo inayoleta chaji katika polima wakati wa kuwasha, na kuziondoa wakati wa kuzima. Hivyo idadi ya chaji huletwa na lango. Polima yenyewe hudaiwa wepesi. Fundi akisoma katika kijitabu chetu kwamba polima bora ni ile yenye upitishaji mkubwa, na kwamba iodini huongeza upitishaji, atakoleza polima yake kwa bidii, nayo transista yake haitazimika kamwe. Hatakuwa amekosea kusoma. Tutakuwa sisi tuliokosea kuandika.

Wepesi huu rasimu haikuupa jina lolote. Mahali pamoja tu imetumia uhamaji, neno linaloleta picha ya watu kuhama makazi. Tunapendekeza wepesi wa chaji. Yaweza kusemwa kwamba wepesi ni habari ya uzito. Ni kweli, lakini twasema pia mtu ni mwepesi wa kukimbia na mwepesi wa kufahamu, bila kumpima kwa mizani. Ili kuepuka shaka, istilahi itumike kamili, wepesi wa chaji, na kipimo chake kiandikwe sentimita mraba kwa volti kwa sekunde. Kwa kulinganisha, wepesi wa elektroni katika silikoni ya fuwele ni kiasi cha 1,400 kwa kipimo hicho. Katika silikoni isiyo na fuwele ni karibu 1. Polima bora za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zinafikia 0.1, na baadhi ya zilizobuniwa baadaye zimepita 1. Bila jina la wepesi, hadithi hii nzima haiwezi kusimuliwa kwa Kiswahili.

6. Kichwa, mkia na "ukanda"

Tuchukue polima moja inayofahamika sana, poli-3-heksilitiofini. Uti wake ni pete zenye kaboni nne na salfa moja, zilizoshikana kama mnyororo, na kila pete ina tawi la kaboni sita. Tawi hilo halibebi chaji. Kazi yake ni kuifanya polima iyeyuke katika kiyeyushi, kwani politiofini isiyo na matawi haiyeyuki wala haitandiki. Lakini tawi haliko katikati ya pete. Liko upande mmoja. Kwa hiyo kila pete ina kichwa na mkia. Pete zikifuatana kichwa kwa mkia, kila tawi hupata nafasi yake, na mnyororo hukaa bapa. Vichwa viwili vikielekeana, matawi husukumana, pete hupinduka, na mpishano hukatika mahali pale.

Mwaka 1992 vikundi viwili vya Marekani vilionyesha njia za kuunda polima hii ikiwa na mfuatano wa kichwa kwa mkia karibu mnyororo mzima. Tofauti yaonekana hata kwa macho. Mmumunyo wake una rangi ya chungwa. Ukitandazwa na kukauka, minyororo hulaliana bapa, na utando hugeuka zambarau iliyoiva.

Hali hii ya mfuatano, rasimu imeiita ukawaida wa kikanda. Hapa tena sehemu ya neno la kigeni imetafsiriwa peke yake, na msomaji ataachwa akitafuta kanda ambazo hazipo. Lakini maneno ya kichwa na mkia wataalamu wenyewe huyatumia, nayo ni ya watu wote. Mfuatano wa kichwa kwa mkia, au kwa ufupi mfuatano sawia, utaeleweka na yeyote aliyewahi kuona vidagaa vikipangwa katika mkebe.

Lipo jambo la pili la mpangilio ambalo rasimu imelisahau kabisa, nalo ni mwelekeo. Mwaka 1999 Henning Sirringhaus na wenzake huko Cambridge walichapisha matokeo ya transista zilizotengenezwa kwa polima hii. Katika tando zenye mfuatano sawia wa juu, kiasi cha asilimia 96, tabaka za minyororo zilisimama wima juu ya bamba, na wepesi ulifika kati ya 0.05 na 0.1. Katika tando zenye mfuatano wa asilimia 81, tabaka zililala kifudifudi, na wepesi ukawa kiasi cha 0.0002. Tofauti yapita mara mia.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa vitabu. Vikisimamishwa rafuni, anayekwenda kutoka kitabu hadi kitabu hutembea kufuata rafu. Vikilazwa kimoja juu ya kingine, hana budi kupanda. Chaji huruka kwa urahisi kutoka uso wa mnyororo hadi uso wa mnyororo jirani, ambako umbali ni kama nanomita 0.38 tu, kupita kwenye matawi, ambako umbali kati ya tabaka ni kama nanomita 1.6, ni taabu, kwa maana matawi ni kihami. Katika transista umeme hufuata bamba, kwa hiyo mkao wa vitabu vilivyosimama ndio unaofaa. Katika seli ya jua umeme huelekea juu na chini, kwa hiyo vitabu vilivyolala ndivyo vinavyofaa. Mpangilio mzuri wa chombo kimoja ni mbaya kwa kingine. Tunapendekeza mkao wima na mkao bapa, na tunapendekeza zaidi kwamba neno mpangilio mzuri lifutwe kabisa katika fasili za rasimu, kwani halisemi mzuri kwa kazi gani.

7. Fuwele na mazoea

Rasimu inafasili: "Kadiri fuwele zinavyozidi, ndivyo polima inavyopitisha zaidi." Neno fuwele ni sahihi. Kasoro ni ya fasili, na fasili ni sehemu ya istilahi. Jina zuri lenye fasili potofu ni kama chupa safi yenye dawa ya ugonjwa mwingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima poli-3-heksilitiofini za urefu mbalimbali. Uzito wa molekuli ulipoongezwa kutoka 3,200 hadi 36,500, wepesi ulipanda kutoka 0.0000017 hadi 0.0094, yaani zaidi ya mara elfu tano. Na ajabu ni kwamba minyororo mifupi ndiyo iliyokuwa na fuwele bora zaidi. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba mnyororo mrefu hutoka katika fuwele moja ukaingia katika nyingine, ukawa daraja. Mifupi hufanya visiwa vizuri visivyo na daraja. Tena mwaka 2014 kikundi cha Cambridge kilieleza polima ya mpishano ambayo karibu haina fuwele kabisa, lakini wepesi wake ni mkubwa, kwa sababu uti wake ni mgumu kupindika na hubaki bapa hata katika fujo.

Fasili iliyo karibu na ukweli ingekuwa hivi: wepesi wa chaji hutegemea unyoofu wa uti wa mnyororo, ukaribu wa nyuso za minyororo jirani, na kuwepo kwa njia isiyokatika kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili. Fuwele husaidia mara nyingi. Si sharti, wala hazitoshi.

8. Nusukipitishi

Wengine watauliza mbona hatujaligusa jina la jamaa nzima. Nusukipitishi ni neno lenye kasoro, na yafaa tuikiri. Mwanafunzi amekwisha kujifunza katika hisabati kwamba nusukipenyo ni nusu kamili ya kipenyo. Atatazamia kwamba nusukipitishi hupitisha nusu ya kipitishi. La hasha. Metali ikipashwa moto hupitisha umeme kidogo zaidi. Nusukipitishi kikipashwa moto hupitisha zaidi. Upitishaji wake waweza kubadilishwa kwa joto, kwa mwanga, kwa ukolezaji, kwa volti ya lango. Tofauti ni ya tabia, si ya kiasi.

Hata hivyo hatupendekezi kulibadilisha. Neno hili limekwisha kuzoeleka madarasani, na kulibadilisha sasa kungewagawa walimu kwa faida ndogo. Neno lililokwisha kuota mizizi huponywa kwa fasili. Na liandikwe katika fasili yake kwamba nusu hapa haimaanishi nusu ya hesabu. Lakini mnyambuliko, uchafuzi na ukawaida wa kikanda bado ni miche. Kung'oa mche si kazi.

9. Mipaka ya kukopa

Wapo watakaosema: ya nini taabu yote hii? Tukope kila kitu, tuandike kwa tahajia yetu, mambo yaishe. Hatukatai kukopa. Polima, elektroni, iodini, tiofini, transista: haya yote ni ya kukopa, na yametumika humu bila kuomba radhi. Jina la kitu halina madai. Poliasetilini ni poliasetilini popote duniani. Lakini jina la kitendo au la uhusiano hubeba maelezo ndani yake. Anayekopa jina la kitendo hukopa sauti, na maana huiacha kwa mwenyewe. Kwa hiyo majina ya vitu na yakopwe. Majina ya vitendo, hali na mahusiano yatafutwe kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo kwingineko. Katika rasimu hii haikuhitajika kwenda mbali. Kupishana, kukoleza na wepesi vilikuwapo nyumbani.

10. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza marekebisho yafuatayo:

polima za mnyambuliko: ziwe polima za mpishano
pengo la bendi: liwe pengo la nishati
uchafuzi, kichafuzi: viwe ukolezaji, kikolezi
uchafu: ubaki kwa mabaki yasiyotakiwa tu
upitishaji: ubaki, lakini utengwe na wepesi wa chaji
uhamaji: uwe wepesi wa chaji
ukawaida wa kikanda: uwe mfuatano sawia, yaani wa kichwa kwa mkia
mpangilio mzuri: ufutwe, pawe na mkao wima na mkao bapa
nusukipitishi: ibaki, kwa fasili mpya

Rasimu irudishwe kwa walioiandaa, ikiambatana na shukrani, kwani bila wao tusingalikuwa na la kuhakiki. Walimu na mafundi watakaoyajaribu maneno haya darasani na karakanani watuandikie yanavyowatumikia, hasa pale yanapowakwaza. Na yule mwalimu aliyeniuliza uani, kama ataisoma kurasa hii, apokee jibu lake, ingawa limechelewa: hatuagizi uchafu kwa fedha. Tunaagiza kikolezi, nacho hupimwa kama chumvi.